Muulize Dokta wa Maabara: Kabla ya Kyoto ya Japani, mwangalie konokono wa Igombe

SWALI: Shikamoo Dokta. Mimi ni kijana wa miaka 22, nipo mwaka wa tatu wa shahada ya baiolojia, nyumbani ni Nyakato hapa Mwanza. Tangu kidato cha sita, nilipoona video ya seli za moyo zikidunda zenyewe kwenye kisahani cha maabara, akili yangu haijatulia. Nataka kuwa mtafiti wa seli shina, zile seli mama zinazogawanyika na kuzaa seli za aina nyingine kama hizo za moyo, nije kusaidia kuotesha upya viungo vilivyoharibika. Kila ninayemuuliza ananiambia kazi hiyo haipo Tanzania, niende Japani au nisahau. GPA yangu ni 3.9. Baba ni fundi wa injini za boti pale Mwaloni, kwenye soko la samaki, hana uwezo wa kunipeleka popote. Nianzie wapi, na safari yenyewe ni ndefu kiasi gani? — Mwenye ndoto, Nyakato

JIBU: Marahaba mwanangu. Seli hizo za moyo nilizikuta Ujerumani mwaka wangu wa kwanza wa uzamivu, nikakodoa macho kwenye hadubini mpaka mwenzangu akauliza kama nimesinzia. Kwa hiyo ugonjwa wako naujua. Lakini kabla hatujapanda ndege, twende kwanza Igombe, hapa kando ya ziwa.

Jumatano iliyopita nilitoka na vijana wawili wa fildi. Gambuti mpaka magotini, glavu ndefu, na chujio la jikoni tulilolifunga kwenye mpini wa fagio. Tukachota konokono kwenye matete, pale pale akina mama wanapofulia. Maabara tukawasafisha, tukamtia kila mmoja kwenye kichupa chake chenye maji safi, tukavipanga chini ya taa. Hapo unasubiri, saa moja au mbili. Ukirudi unainua kichupa kimoja kimoja kwenye mwanga. Vingi ni maji tu. Halafu kimoja unakiona kama kimeingia vumbi, ila vumbi lenyewe linapanda na kushuka. Weka tone chini ya hadubini: vijidudu vyenye mkia wa panda kama manati, vinajipindapinda bila kupumzika. Hao ni mabuu wa kichocho, wanatafuta ngozi ya mtu. Ndiyo sababu ya zile glavu.

Sasa fikiri nami. Aliyemwingia konokono huyo huenda alikuwa kijidudu kimoja tu, kilichoanguliwa kwenye yai lililotoka na choo cha mtu. Wanaotoka ni maelfu. Mle ndani ya konokono hakuna dume kukutana na jike. Kuna seli shina za mnyoo zinazogawanyika, zinajaza vifuko, vifuko vinazaa vifuko vingine, mpaka maji ya kichupa yanaonekana na vumbi. Na mnyoo akishaingia mwilini mwa mtu, akakomaa, jike likakumbatiwa na dume lake, wanaweza kuishi humo kwenye mishipa ya damu miaka na miaka. Wapo waliokutwa na minyoo hai zaidi ya miaka 30 tangu waondoke kwenye maeneo yenye maambukizi. Damu ya mtu imejaa askari wa kinga. Mnyoo anaishije humo miaka yote hiyo?

Mwaka 2013 James Collins na Phillip Newmark wa Marekani, pamoja na wenzao, walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba mnyoo mzima wa kichocho ana seli shina zake. Kazi zilizofuata zilionyesha kwamba sehemu kubwa ya shughuli ya seli hizo ni kumtengenezea mnyoo ngozi mpya kila wakati. Askari wanashambulia ukuta, yeye anajenga mwingine nyuma yake. Na dawa tunayoitegemea kuwamaliza ni moja, praziquantel, ambayo hata hivyo haiwaui vizuri minyoo wachanga. Atakayejua namna ya kuzizima seli shina za mnyoo bila kumdhuru mwenye mwili, huyo atakuwa amefungua mlango wa dawa nyingine.

Collins na wenzake hawana Igombe. Minyoo wao wanafugwa maabara, ndani ya konokono na panya. Wewe wa Nyakato unapanda daladala.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu kosa ninaloliona kwa vijana wengi wanaoniandikia ni kusubiri kozi iliyoandikwa "seli shina" mlangoni. Kozi hiyo usiisubiri. Swali lenye seli shina ndani yake liko kwenye matete, na jingine liko juu pale hospitali ya Bugando, wodi ya watoto. Utafiti uliochapishwa 2018, uliofanywa kwa sampuli za damu za watoto wachanga wa Kanda hii ya Ziwa, ulikuta kwamba karibu mtoto mmoja kati ya watano amebeba kinasaba cha selimundu, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia ana ugonjwa wenyewe. Selimundu, ile sikoseli ya mtaani, ni ugonjwa wa chembe nyekundu, na chembe nyekundu zinazaliwa na seli shina za kwenye uloto, ule ute wa ndani ya mifupa. Kwa hiyo ukitaka kuung'oa ugonjwa lazima ufike huko kwenye shina. Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma wameshawapandikizia watoto wa selimundu uloto wa ndugu zao. Uingereza mwezi Novemba 2023, na Marekani mwezi uliofuata, waliidhinisha tiba ambayo seli shina za mgonjwa mwenyewe zinatolewa, zinahaririwa kinasaba, zinarudishwa. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Soma tena hiyo bei, kisha uniambie kama hakuna kazi ya utafiti Tanzania. Mtu wa kutafuta namna ya kuifanya kwa bei ya binadamu wa Magu na Misungwi hatatoka Boston huko Marekani.

Haya, safari. Shahada unamaliza mwakani. GPA yako itunze kama mboni ya jicho, maana matangazo mengi ya nafasi za mkufunzi msaidizi vyuoni yanataka isipungue 3.8, na nafasi hiyo ndiyo mlango wa kulipiwa masomo ya juu. Uzamili ni kama miaka miwili: MUHAS (Muhimbili), SUA (Sokoine), Nelson Mandela ya Arusha, au hapa hapa CUHAS (chuo cha afya cha Bugando). Uzamivu mitatu mpaka mitano. Kisha kazi ya mkataba chini ya bwana au bibi mwenye maabara, ile tunayoiita postidoki, miaka miwili, minne, wengine sita. Ukijumlisha na muda wa kusubiri nafasi katikati, mambo yakienda sawa, utakuwa na miaka 35 au zaidi siku utakapobandika jina lako mlangoni. Na wengi wanaoanza njia hii hawaishii kwenye uprofesa: wanaenda kwenye viwanda vya dawa, hospitali, mamlaka za udhibiti, ualimu. Sioni aibu hapo. Ninayemwonea huruma ni yule aliyejua mengine hayo akiwa na miaka 40.

Kuhusu fedha, baba yako asiuze injini. Uzamivu wa sayansi unaojilipia mwenyewe, mimi siushauri kwa mtu yeyote. Ujerumani wanafunzi wengi wa uzamivu wa baiolojia wana mkataba wa kazi. DAAD, lile shirika la ufadhili wa masomo la Wajerumani, wana ufadhili wa kusoma humu humu Afrika. Japani kuna ufadhili wa serikali yao unaoombwa kupitia ubalozi. Na usidhani lazima uvuke bahari: Misri, kwenye jiji la sayansi la Zewail karibu na Cairo, kuna kituo cha seli shina, na Chuo Kikuu cha Pretoria wana taasisi inayoshughulika nazo. Ukimwandikia profesa, andika mistari kumi, utaje makala yake mbili ulizozisoma kweli na kitu kimoja ambacho hukukielewa. Barua ya kurasa tatu inayoanza na "I am a humble student" anaipata kila siku, na anaifuta.

Likizo hii nenda NIMR Mwanza (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), au MITU (kitengo cha majaribio ya tiba hapa Mwanza), au CUHAS, ukaombe fildi, hata kama ni ya kuosha vichupa. Jifunze kushika pipeti mkono usitetemeke, kuotesha seli bila kuingiza fangasi, kupiga picha nzuri kwenye hadubini, na hesabu za takwimu kwenye kompyuta. Hesabu hasa. Vijana wa baiolojia mnazikimbia kama mmeona mamba, wakati ndizo zitakazokupa ajira hata mtungi wa kuhifadhia seli ukikauka.

Ndiyo, mitungi inakauka, na friza zinayeyuka. Niliporudi nyumbani, taasisi niliyoanzia kazi, sitaitaja, ilinipa friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri na ahadi ya jenereta inayojiwasha yenyewe. Ikaja Pasaka. Umeme ukakatika Ijumaa Kuu, jenereta haikujiwasha, na aliyekuwa na ufunguo wa chumba chake alikuwa kwao kijijini. Jumanne nilifungua mlango wa friza, maji yakanimwagikia kwenye viatu. Sampuli za miaka minne, watoto zaidi ya mia mbili, mama zao waliokubali mtoto achomwe sindano kwa sababu niliwaambia itasaidia. Niliandika barua ya malalamiko, nikajibiwa kwamba lilikuwa tukio lililo nje ya uwezo wa utawala. Barua hiyo bado ninayo.

Tangu siku ile kila sampuli yangu iko sehemu mbili. Seli hai nazihifadhi kwenye mtungi wa naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, ambao hauhitaji umeme, unahitaji kujazwa tu. Mara ya kwanza naitrojeni niliazima kwa jamaa wa uhimilishaji wa ng'ombe, wanaoitumia kuhifadhi mbegu za madume. Walinicheka sana, lakini walinijazia.

Siku hizo nilikuwa nikimfikiria Yamanaka. Shinya Yamanaka, yule aliyeonyesha mwaka 2006 kwamba seli ya kawaida ya panya inaweza kurudishwa utotoni kwa jeni nne tu, mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu, na 2012 akashirikiana na John Gurdon kupata Nobeli. Alianza kama daktari wa upasuaji, mzito mpaka wakubwa zake wakampachika jina la utani lenye maana ya kizuizi. Akaenda Marekani kujifunza utafiti. Aliporudi Osaka alijikuta hana msaidizi, siku zinakwisha akisafisha vibanda vya panya, akakata tamaa nusura aachane na utafiti arudi hospitali. Kwa hiyo unapoambiwa "nenda Japani", ujue hata Japani watu waliorudi nyumbani wameosha vibanda.

Jambo dogo la mwisho kwako. Daftari la maabara andika kila siku, kwa wino, pamoja na siku ulizokosea. Fani yetu hii ya seli shina ina historia mbaya ya watu kupika majibu. Mwaka 2014 makala mbili za Japani kwenye Nature, zilizodai seli hurudi utotoni kwa kuchovywa kwenye asidi tu, zilitoka Januari zikafutwa Julai. Korea Kusini waliyaona hayo hayo 2006. Na jina lako kwenye makala, mkubaliane na msimamizi kabla ya kazi kuanza. Mimi la kwangu liliwahi kuachwa kwenye kazi niliyolala maabara kwa ajili yake, na nilikuwa mwoga kuuliza.

SWALI: Habari za kazi Dokta. Nimemaliza shahada ya sayansi miaka miwili iliyopita, naishi Igoma, ajira hakuna. Jirani yangu ananivuta kwenye biashara ya vidonge vya seli shina, vinatibu magoti, kisukari na nguvu za kiume. Kianzio ni laki nne na nusu, unapewa boksi na beji ya mshauri wa afya. Anasema mimi niliyesoma baiolojia nitaaminika haraka. Hii si ndiyo tiba mnayoisema? — Mhitimu, Igoma

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Pole kwa kukaa bila kazi, hilo silifanyii mzaha. Ila vidonge hivyo navyo usivifanyie heshima.

Seli shina ni kitu hai. Nimetoka kusema hapo juu inavyohifadhiwa: nyuzi 196 chini ya sifuri. Ukiitoa huko inataka joto la nyuzi 37, hewa yenye kabonidayoksaidi asilimia 5, na chakula kinachobadilishwa kila siku moja au mbili kama mtoto mchanga. Mimi nina shahada tatu na bado zinanifia. Wewe uniambie ipo nzima ndani ya kidonge kikavu, kwenye boksi lililoanikwa juani stendi ya Buhongwa? Na hata ingekuwa hai, tumbo linaimeng'enya kama linavyomeng'enya sato.

Tiba za seli shina zilizozoeleka kweli hospitalini ni chache: upandikizaji wa uloto na seli za damu, uoteshaji wa ngozi kwa walioungua, na baadhi ya matibabu ya jicho. Nyingi kati ya hizo nyingine unazozisikia bado ziko kwenye majaribio, na mshiriki wa jaribio la halali haambiwi anunue boksi.

Jirani yako kasema kweli kwenye neno moja tu, kwamba utaaminika. Mama wa Igoma atatoa hela ya ada kwa sababu wewe umesoma. Laki nne na nusu hiyo, kama unayo kweli, ni nauli ya Mwanza hadi Dar es Salaam kwenda na kurudi, chumba cha mwezi mmoja, na muda wa kuzunguka kwenye maabara kuomba kazi ya mkataba ya ufundi sanifu. Miradi ya utafiti inaajiri watu wa kukusanya sampuli na kuingiza takwimu. Andiko la mradi likipita, nafasi zinatangazwa ghafla na kufungwa ndani ya wiki mbili. Fuatilia mbao za matangazo na kurasa za NIMR, MITU na taasisi ya afya ya Ifakara kila Jumatatu.

SWALI: Dokta, mimi ni mama wa Nansio, Ukerewe, nina miaka 61, ameniandikia hii mjukuu wangu. Binti yangu wa miaka 29 kapata kwenda Sweden, mji wa Lund, kusomea hizo seli kwa miaka minne. Kasoma tangu akiwa na miaka sita. Nauliza, hiyo ni shule au ni kazi? Ada nani atalipa? Na ataolewa lini? Baba yangu mzazi mikono inatetemeka miaka kumi sasa, binti anasema huko wanatibu. Ni kweli? — Mama yake, Nansio

JIBU: Shikamoo mama.

Ni kazi. Sweden mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida anaajiriwa na chuo: anasaini mkataba, analipwa mshahara kila mwezi, anakatwa kodi, anawekewa pensheni. Ada hakuna. Akipata ujauzito ana likizo ya uzazi, na muda wa mkataba unasogezwa mbele. Kwa hiyo kuolewa na kuzaa havikatazwi na masomo. Mchumba mwenyewe ndiye sina uwezo wa kumtafuta kutoka hapa.

La babu, mama, nitalisema taratibu. Ni kweli kwamba Februari 2023, huko huko Lund, mgonjwa wa kwanza wa ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson kwenye jaribio lao alipandikizwa ubongoni seli zilizooteshwa kutokana na seli shina. Ni jaribio, la watu wachache waliochaguliwa, la kuangalia kwanza kama ni salama. Babu hatalifikia. Na kutetemeka kuna sababu nyingi, si zote ni Parkinson, hivyo msimwache akae tu: mvusheni na kivuko mumpeleke Bugando akaonane na daktari wa mishipa ya fahamu, maana Parkinson ina dawa za vidonge zinazopunguza mtetemeko na ukakamavu.

Binti aondoke na koti zito hata kama ni la mtumba, maana ukifika Desemba kule jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Ukitaka kumfungia chakula, nyama na maziwa vinakamatwa forodhani. Samaki wakavu wa kula mwenyewe wanaruhusiwa hadi kilo 20, kwa hiyo dagaa mfungie, ila uwafunge mara mbili. Mimi wa kwangu walipasukia ndani ya sanduku, nikahudhuria mkutano wangu wa kwanza na maprofesa nikinuka Mwaloni.